Kahawa Baridi ya Chupa Yapambanishwa na Dele

KIPYA kinyemi kingawa kidonda, walinena wazee wetu. Kinyemi cha siku hizi ni kahawa baridi. Si kahawa iliyosahauliwa kikombeni hadi ikapoa, la hasha. Ni kahawa iliyorowekwa katika maji baridi tangu mwanzo, ikachujwa, ikatiwa katika chupa au kopo na kupangwa ndani ya friji ya duka, tayari kunywewa na mpita njia bila ya kungojea moto wala mkaa. Kwa mtu wa mwambao aliyelelewa kwa mlio wa vikombe vya muuza kahawa na dele lililokalia makaa, habari hii ni sawa na kuambiwa kuna pilau isiyopikwa.

Hata hivyo, kinywaji hakihukumiwi kabla ya kuonjwa. Ndiyo sababu mwandishi wa makala haya alifunga safari hadi Kiambere, katika nchi ya Mbeere, Kaunti ya Embu, akiwa na kasha la barafu lenye kahawa ya chupa za aina mbili, mtungi mdogo wa udongo, pakiti ya kahawa ya Embu iliyosagwa, na chupa ya chai iliyojazwa kahawa chungu yenye tangawizi na iliki.

Kwa nini Kiambere?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini usionje hapo hapo Mombasa, ukaepuka vumbi na gharama ya safari? Sababu ni tatu.

Kwanza, Kiambere ni mahali pa joto, na kinywaji baridi hupimwa penye joto. Pili, Kiambere i katika Embu lakini si pahali pa mibuni. Mibuni ya Embu hustawi huko juu, Manyatta na Runyenjes, penye baridi na mvua ya Mlima Kenya. Huku chini watu hulima mtama, mawele, kunde na pojo, na kufuga mbuzi. Kwa hiyo mwonjaji wa Kiambere hana shamba la kahawa la kulitetea, wala hana dele la babu yake la kulionea haya.

Sababu ya tatu ni Mto Tana. Mito ya Rupingazi na Thiba, ambayo maji yake hupita katika nchi ya kahawa, humiminika katika Tana na kufika katika bwawa la Kiambere. Hapo maji huzungusha mitambo ya umeme iliyofunguliwa mwaka 1988, kisha huendelea na safari kupita Garissa na Hola hadi baharini Kipini. Mpokomo wa Ozi na Mwamu wa Kipini wamefungamana na Embu kwa maji kabla hawajafungamana nayo kwa kahawa.

Asili yake

Wanaodhani kahawa baridi ni uvumbuzi wa vijana wa leo wamekosea. Mwaka 1840, wanajeshi wa Kifaransa waliozingirwa katika ngome ya Mazagran, nchini Algeria, walijulikana kwa kunywa kahawa iliyotiwa maji baridi, na hadi leo kuna kinywaji kinachoitwa kwa jina la ngome hiyo. Wajapani wa Kyoto wana desturi ya kudondosha maji baridi juu ya kahawa tone baada ya tone kwa muda wa saa nyingi. Mwaka 1964 Mmarekani Todd Simpson alibuni chombo cha kurowekea kahawa nyumbani. Na mwaka 1969 kampuni ya Kijapani ya UCC ilianza kuuza kahawa ya maziwa ndani ya kopo. Biashara hiyo ilienea sana mwaka 2015, wakati kampuni ya Starbucks ilipoanza kuuza kahawa ya kurowekwa katika maduka yake huko Marekani.

Lakini sisi tusisahau kuwa kahawa yenyewe ilitufikia kutoka Yemen, ambako masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Nayo ilipokuwa mpya ilipata mashaka yake. Mwaka 1511, Khair Beg, aliyekuwa akisimamia Makka, aliipiga marufuku. Amri hiyo haikudumu, kwani wakubwa wake wa Cairo hawakuikubali. Huku kwetu, mapadri wa Kifaransa walipanda mibuni Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Wakulima Waafrika walizuiwa kwa miaka mingi wasiilime, mpaka miaka ya 1930 waliporuhusiwa kuanza katika Kisii, Meru na Embu.

Je, kuna ulevi ndani yake?

Swali hili limeulizwa barazani, na lina sababu. Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa kahawa hii ndilo hilo hilo linalotumiwa kwa utengenezaji wa pombe. Basi mtu asiyejua akisikia kuwa kitu kimerowekwa usiku kucha, moyo humwenda mbio.

Ukweli ni kwamba kahawa hii haichachushwi. Ni unga wa buni na maji tu, kwa muda wa saa 12 hadi 24, kisha huchujwa. Wasomaji wetu wanajua nabidh, yaani tende au zabibu zilizorowekwa katika maji, na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) akiinywa, na ilipofika siku ya tatu iliyobakia humwagwa. Hekima hiyo yafaa pia hapa, maana kahawa ya kurowekwa haidumu. Ikishafunguliwa, ikae penye baridi na inywewe upesi.

Hata viwanda vikubwa hujihadhari. Mwezi wa Septemba 2017, kampuni ya Death Wish ya Marekani iliyarudisha makopo yake kutoka madukani kwa kuhofia kuwa njia iliyotumika ingeweza kuruhusu sumu hatari kutokea ndani ya kopo lisilo na hewa. Hakuna aliyeripotiwa kuugua, lakini somo lilibaki. Aidha, soma karatasi ya chupa, kwani baadhi ya manukato yanayotiwa, kama ya vanila, huenda yametolewa kwa spiriti. Anayetilia shaka na aulize wenye ilimu.

Vikombe vinne

Waamuzi walikuwa wanne: mama mwenye hoteli ndogo, mzee mfugaji wa mbuzi, kijana mvuvi wa bwawani, na mwandishi. Kahawa zilimiminwa katika vikombe vidogo visivyo mkono, na watatu hao hawakuambiwa ni ipi imetoka wapi.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha kahawa ya chupa isiyo na maziwa wala sukari. Ilikuwa nyepesi ulimini, uchungu wake mdogo, lakini riha yake ilikuwa haba. Kijana alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akasema, "Hii yaingia kama maji na kuondoka bila kuaga." Hakuna aliyeichukia; hakuna pia aliyeomba nyongeza.

Cha pili kilikuwa cha chupa yenye maziwa na sukari. Mama wa hoteli alikimaliza kwa funda mbili, akatabasamu. Mzee alionja akatikisa kichwa. "Mama, haya si maziwa ya mtoto?" aliuliza. Kwa kweli, kahawa iliyokuwamo ilikuwa ya kutafutwa kwa taa. Na baada ya muda mfupi mama huyo huyo aliagiza maji, kwa kuwa sukari haikati kiu bali huiongeza.

Cha tatu kilitoka katika mtungi. Gramu 100 za kahawa ya Embu zilitiwa katika lita moja ya maji masafi magharibi ya siku iliyotangulia, zikafunikwa, na asubuhi kuchujwa kwa kitambaa. Mtungi haukuhitaji friji, kwani udongo hutoa jasho, na jasho likikauka hupoza kilichomo. Katika hewa kavu ya Kiambere kazi hiyo hufanyika vizuri kuliko katika hewa ya unyevu ya pwani. Kahawa hii ilikuwa na uchachu mtamu unaofanana na zambarau iliyoiva, na ladha yake ilikaa ulimini. Mzee alirudisha kikombe kitupu na kusema, "Hii ni ya huko juu." Alijuaje? Alijibu kuwa aliwahi kuchuma kahawa Runyenjes alipokuwa kijana, ingawa nyumbani kwake hunywewa chai.

Cha nne kilikuwa kahawa chungu yetu. Kwanza ilitolewa ikiwa moto, na hapo dele lilishinda bila ya ubishi: harufu ya iliki ilimtoa hata mpishi jikoni. Lakini ilipotiwa barafu mambo yaligeuka. Tangawizi ilibaki peke yake, kahawa ikafa, na ukakasi ukashika koo. Mwandishi, ambaye ni mtoto wa mwambao, alilazimika kukubali.

Sababu si uchawi. Moto hutoa katika buni vitu vingi kwa haraka, vikiwamo vichungu, na harufu nzuri hupanda pamoja na mvuke. Ukiipoza, mvuke umekwenda na uchungu umebaki. Maji baridi hutoa polepole na kuacha baadhi ya vitu hivyo ndani ya unga. Hata hivyo yasemwayo kuwa kahawa baridi haina tindikali yasichukuliwe yote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson cha Marekani, uliotolewa mwaka 2018, uliona kuwa kiwango cha pH cha kahawa baridi na cha kahawa ya moto hakikutofautiana sana, ingawa ya moto ilikuwa na jumla kubwa zaidi ya tindikali. Mwenye vidonda vya tumbo asijidanganye.

Fungu la mkulima

Sasa tuhesabu. Chupa ya robo lita huhitaji kiasi cha gramu 25 za kahawa iliyokaangwa. Kuipata hiyo, mkulima huchuma kiasi cha gramu 200 za matunda mekundu, yaani gao la mkono au zaidi kidogo. Akilipwa shilingi 100 kwa kilo, fungu lake katika chupa hiyo ni shilingi 20. Na bei ya chupa moja dukani hushinda bei ya vikombe kumi vya dele. Zinazobaki zinakwenda kwa mkaangaji, kwa kioo, kwa friji, kwa lori na kwa duka.

Haya si madogo. Mnamo msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Miaka ya karibuni imekuwa ikivuna kiasi cha tani 50,000. Wakulima wengi waling'oa mibuni au kuitelekeza kwa sababu malipo yalichelewa na kupungua. Tena chini ya sehemu moja katika kumi ya kahawa yetu ndiyo inayonywewa nchini. Kama kahawa baridi itawafanya vijana wa Kenya wainywe kahawa ya Kenya, hiyo ni heri, mradi mkulima naye aione heri hiyo mfukoni.

Badala ya muguka?

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani hawezi kulinyamazia afikapo Mbeere. Nchi hii ndiyo chimbuko la muguka unaotafunwa na vijana wetu katika maskani za Mombasa na Kilifi. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Wazazi wa pwani walilia kwa ajili ya watoto wao. Wakulima wa Mbeere walilia kwa ajili ya karo na unga. Vilio vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Kijana mvuvi aliuliza kwa nini watu wa pwani wasichukue kahawa kutoka Embu wakaacha majani. Ni swali zuri, lakini jibu lake si jepesi. Aliye Kiambere hawezi kupanda mibuni penye ukame, hivyo faida ya kahawa humwendea jirani yake wa juu. Na kahawa yenyewe ina nguvu zake: chupa moja yaweza kuwa na miligramu 150 hadi 200 za kafeini, au zaidi, ilhali wataalamu wa Ulaya wanashauri mtu mzima asipite 400 kwa siku, na mja mzito asipite 200. Anayekunywa chupa mbili baada ya tarawehe asishangae usingizi ukimkataa hadi daku.

Tofauti kubwa iko kwingine. Chupa hunywewa na mtu mmoja, njiani, macho yakiwa kwenye simu. Dele haliji kwa mtu mmoja. Penye dele pana haluwa au kashata, pana mzee wa kusikilizwa na kijana wa kukanywa. Habari za ndoa, maziko na bei ya samaki zote hupitia hapo. Kijana aliyetoka barazani akaenda maskani hakufuata majani peke yake. Alifuata mahali ambapo yuko mtu wa kukaa naye.

Hukumu basi ni hii. Kwa kinywaji cha moto, dele halina mshindani. Kwa kinywaji baridi, ya mtungi iliyotokana na kahawa ya Embu ilizipita zote mbili za dukani, na gharama yake ni ndogo mno. Anayetaka kuijaribu mwezi wa Ramadhani na aroweke gramu 100 kwa lita moja, atie punje nne za iliki zilizopondwa, afunike usiku kucha, achuje kwa kitambaa safi, kisha aiweke penye baridi na kuimaliza kabla ya siku ya tatu. Asiinywe peke yake. Awaite majirani baada ya futari, na muuza kahawa wa mtaani naye apewe kikombe, kwani huenda kesho akaanza kuuza zote mbili, ya moto mkono wa kulia na ya baridi mkono wa kushoto.