Laptopu ya Mtumba na Nenosiri Lililobaki Ulaya

Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi zilianza kazi kwenye ofisi za Ulaya na Marekani. ThinkPad, Latitude, EliteBook: mashine imara, zilizotumika miaka kadhaa kisha zikaondolewa ofisini kwa mkupuo, diski zikafutwa, zikapakiwa kwenye kontena. Diski hufutwa, lakini nenosiri la BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, mara nyingi hubaki. Mnunuzi anaweza kuitumia mashine miaka miwili bila kulijua, maana Windows inawaka kama kawaida na kazi zinakwenda.

Wengi walilijua karibu na tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na kwenye baadhi ya mashine chipu hiyo ipo ila imezimwa. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache: unabonyeza F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP mashine inapowaka, unaingia BIOS, unabadilisha mstari mmoja. Ila hapo kinatokea kisanduku kinachodai nenosiri, na aliyeliweka ni mtu wa IT wa kampuni fulani ya Hamburg au Manchester ambaye hajui kwamba wewe upo duniani.

Swali linalopelekwa kwa fundi huwa moja: linavunjwaje? Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nenosiri lipi hasa hilo, na la pili ni kama kweli unahitaji kulivuka.

Watu husema "paswedi ya BIOS" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna ile inayoulizwa kila mashine inapowashwa, kabla Windows haijaanza kupanda; bila hiyo hupati chochote. Kuna ya msimamizi, ambayo haikuzuii kuwasha wala kufanya kazi, inalinda mipangilio tu. Na kuna ya diski, ambayo huombwa kwenye skrini inayofanana sana na hizo nyingine lakini haikai kwenye laptopu kabisa. Imo ndani ya diski yenyewe. Diski iliyofungwa namna hiyo ukiihamishia kwenye mashine nyingine inabaki imefungwa, na ukikosea mara tano inagoma kupokea jaribio jingine mpaka izimwe na kuwashwa upya. Fundi akikuuzia mazabodi mpya kutibu tatizo la nenosiri la diski, umenunua mazabodi bure.

Laptopu za ofisini huja zaidi na lile la msimamizi, na hapa ndipo swali la pili linapookoa pesa. Windows 11 si lazima isakinishwe kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Faili la usakinishaji linaweza kufunguliwa ndani ya Windows 10 inayofanya kazi, na BIOS isiguswe hata kidogo. Secure Boot nayo, ambayo watu wengi huihangaikia, haitakiwi iwe imewashwa. Inatosha mashine iwe na uwezo nayo. Kwa upande wa BIOS kinachobaki ni TPM tu, na hali yake unaiona kwa kuandika tpm.msc kwenye kisanduku cha Run. Ikiwa iko tayari, nenosiri la yule mtu wa Hamburg halikuhusu. Liache likae. Kufungua mlango usiokuwa na haja ya kuupita ni gharama isiyo na faida, na kuna mafundi wanaoishi kwa gharama hiyo.

Tuchukue basi aliye na haja ya kweli: TPM imezimwa, au mashine haiwaki kabisa bila nenosiri, au nenosiri aliliweka mwenyewe akalisahau. Kwa huyu wa mwisho kuna jambo la kibodi ambalo mafundi wengi hulipita. BIOS inapoomba nenosiri, Windows bado haijaanza, kwa hiyo mpangilio wa kibodi uliouchagua ndani ya Windows haupo. Mashine nyingi husoma vitufe kama vya kibodi ya Kimarekani, hata kama juu yake pameandikwa vingine. Kwa anayetumia kibodi ya Kifaransa, iliyozoeleka Bujumbura, Lubumbashi na Goma, A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M imehamia pembeni, na tarakimu za juu zinahitaji Shift. Mtu anaweza kuwa analikumbuka nenosiri lake sawasawa, na vidole vinaandika kitu kingine kabisa. Inatokea pia anapokuwa amebadilishiwa kibodi iliyokufa kwa nyingine iliyong'olewa kwenye mashine ya nchi tofauti, au nenosiri lilipowekwa kwa programu ya kampuni ndani ya Windows kisha likaulizwa nje yake. Jaribu kuliandika kwa nafasi za vitufe, bila kutazama herufi zilizochorwa juu yake. Kwenye mashine nyingi, kukosea mara tatu huzuia tu hadi uzime na kuwasha tena; hakuna kinachofutwa.

Kama halikupatikana, ndipo tuulize limehifadhiwa wapi.

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya PC AT, na mipangilio yake ilikaa kwenye kumbukumbu ndogo iliyohitaji umeme wa betri ili isipotee. Kompyuta za mezani zilizofuata ziliurithi mpango huo, na nenosiri likawekwa humohumo. Ukiondoa betri ile ya mviringo, CR2032, au ukihamisha jampa kwenye mazabodi, kumbukumbu inasahau kila kitu, nenosiri likiwemo. Huo ndio ujuzi uliosambaa mitaani na unaoendelea kurithishwa hadi leo. Kwa kompyuta nyingi za mezani bado unafaa.

Watengenezaji wa laptopu walishaliona pengo hilo. Laptopu inabebeka, kwa hiyo inaibika, na nenosiri linaloondoka pamoja na betri halimsumbui mwizi. Tangu miaka ya 1990 IBM ilikuwa ikiliweka nenosiri la msimamizi la ThinkPad kwenye chipu ya pekee ambayo haihitaji umeme ili ikumbuke. Siku hizi, kwenye laptopu za UEFI, mfumo ulioirithi BIOS ya zamani, huwa linakaa kwenye chipu ileile yenye programu inayoiamsha mashine, au kwenye kidhibiti kingine ambacho mtumiaji hakifikii. Ukiondoa betri kwenye mashine ya namna hiyo, kinachopotea ni saa. Tarehe inarudi nyuma miaka mingi, kivinjari kinaanza kukataa tovuti kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika, na nenosiri liko palepale. Ndiyo sababu simlaumu mteja anayerudi kutoka kwa fundi akiwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kuna njia ya namba. Chapa kadhaa ziliweka mlango wa nyuma kwa ajili ya huduma kwa wateja: ukikosea mara tatu, au kwenye Dell mara tu unapoulizwa, skrini inaonyesha namba ya utambulisho, na mtoa huduma anaitumia kukokotoa neno la kufungulia. Ilikuwa siri dhaifu. Watu waliichambua programu ya BIOS, wakagundua hesabu inayotumika, na kwa mashine za zamani hesabu hiyo haikuwa siri tena. Kampuni zikabadilisha mfumo. Kwa hiyo fundi anayefungua laptopu ya miaka kumi na tano iliyopita kwa dakika mbili si mchawi, na anaposhindwa kufungua ya miaka mitano si mzembe. Mashine zenyewe si za namna moja.

Njia nyingine ni kuisoma chipu moja kwa moja kwa kibanio chenye pini nane, kuhariri kilichomo, kisha kukirudisha. Wapo mafundi wanaoiweza kazi hii vizuri, na wapo wanaoijaribia kwenye mashine yako. Kifaa cha bei nafuu kinachotumika sana, CH341A, kinajulikana kwa toleo linalopitisha volti 5 kwenye nyaya za data za chipu iliyoundwa kwa volti 3.3, na laptopu nyingi za sasa zina chipu za 1.8. Hatari nyingine iko kwenye kilichomo. Chipu hiyo haina nenosiri peke yake: ina namba ya usajili ya mashine, mara nyingi na ufunguo wa leseni ya Windows iliyokuja nayo kiwandani. Fundi akimimina nakala aliyoitoa kwenye laptopu nyingine, mashine yako inaweza kuwaka ikiwa na utambulisho wa mwenzake. Tangu mwaka 2013 Intel imekuwa na kinga iitwayo Boot Guard, na pale mtengenezaji alipoiwasha, mashine inakataa kuamka ikikuta programu yake ya kuanzia imeguswa. Sharti la chini kabisa kwa fundi ni nakala ya chipu kama ilivyokuwa, iwekwe kwenye flashi yako kabla hajaandika kitu.

Kabla hata ya hapo, fikiria data. Nenosiri la BIOS halifichi mafaili. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake imekwama kwenye laptopu isiyowaka anaweza kutoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kunakili kazi yake, mradi diski haina nenosiri lake na haikusimbwa. Siku hizi hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu BitLocker, au ndugu yake mdogo anayejiwasha kimyakimya kwenye Windows 11 unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, huisimba diski nzima na kuukabidhi ufunguo kwa TPM. TPM haihami na diski; inabaki kwenye mazabodi. Ukibadilisha mazabodi, au ukichezea vya kutosha programu ya kuanzia, Windows itaomba ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uutafute kwanza, uuandike kwenye karatasi, ndipo bisibisi ishikwe.

Kwa watengenezaji wenyewe, majibu kuhusu nenosiri la BIOS lililosahaulika hayafanani. Dell hutoa neno la kufungulia kwa anayethibitisha umiliki. Apple, kwa Mac za Intel zilizowekwa nenosiri hilo, humtaka mtu aende dukani kwake au kwa wakala aliyeidhinishwa akiwa na risiti ya asili ya ununuzi. Mac zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kutoka mwaka 2020, hazina tena nenosiri la aina hii. Lenovo inasema wazi kwenye miongozo yake kwamba nenosiri la msimamizi likisahaulika hakuna anayelirudisha, dawa ni kubadilisha mazabodi. Ni jibu gumu, lakini ni la kweli kuliko ahadi nyingi za vibandani.

Kwa mashine ya mtumba, hizi karatasi za umiliki ndizo shida yenyewe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya duka la Kariakoo inathibitisha ulinunua dukani hapo. Haithibitishi kwamba kampuni ya Manchester iliiachia mashine. Fundi anayeomba kuiona risiti kabla ya kufungua BIOS hakusumbui, anajilinda asije akafungua mali ya wizi. Mlango ambao wanunuzi hawaujaribu vya kutosha ni wa muuzaji mwenyewe. Ofisi nyingi huweka nenosiri moja kwa mashine zote walizonazo, na zikiuzwa kwa mkupuo, aliyezinunua huko anaweza kulipata kwa kuuliza. Mwagizaji mwenye mashine arobaini za ofisi moja kwenye stoo yake ana sababu nzuri ya kuandika barua pepe hiyo; wewe mwenye moja hutajibiwa. Akikataa, una hoja ya kurudisha mzigo, hasa kama hazijapita siku nyingi. Kwa anayenunua leo, kubonyeza F1 au F2 mbele ya muuzaji kabla ya kulipa huchukua muda mfupi kuliko kupunguziana bei.

Nafasi hiyo ya kuuliza haitadumu. HP na Lenovo zimeanza kuziwezesha kampuni kuliondoa nenosiri la BIOS kabisa na kutumia cheti cha kidijitali badala yake: mabadiliko yoyote ya mipangilio lazima yatiwe saini kwa ufunguo wa siri ulio kwenye seva ya kampuni, na BIOS inabaki na nusu ya ufunguo inayohakiki saini tu. Hakuna neno la kukumbuka, la kukisia wala la kutumiana kwa barua pepe. Mashine hizo bado ziko mezani kwenye ofisi za Ulaya. Zitakapofika Kariakoo, atakayeweza kuzifungua ni kampuni iliyozifunga, tena ikiwa imekumbuka kufanya hivyo kabla hazijapakiwa kwenye kontena.