Kadi Ile Ile, Bei Mbili: Laki Nne Inakwenda Wapi?

Chukua kompyuta mpakato mbili za gemu, ziweke juu ya kaunta moja. Zote nyeusi, zote kibodi zinawaka taa, zote zina stika ya kijani ya GeForce RTX. Karatasi ya duka nayo inasema kitu kimoja: RTX 4050, RAM 16, SSD 512. Ila moja inamzidi mwenzake bei kwa shilingi laki nne. Ukimuuliza muuzaji, jibu ni lile lile kuanzia Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mpaka Makumbusho: "Bosi wangu, mashine ni moja hiyo, hapo unalipia jina la kampuni tu. Beba hii ya chini, utanikumbuka."

Utamkumbuka kweli.

Kwa kijana wa Chang'ombe, Dar es Salaam, swali hili si la anasa. Eneo hili lina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, lina VETA, lina mabanda ya gemu, na mitaa ya jirani kuelekea Keko na Temeke imejaa watu wanaokula kwa kompyuta: wahariri wa video za harusi, wachoraji wa ramani za nyumba, watengenezaji wa midundo. Mashine ya gemu wanainunua wote hawa, kwa sababu ndiyo njia ya bei nafuu ya kupata kadi ya grafiksi yenye nguvu. Nyumbani mzee anaambiwa ni ya masomo. Kwa marafiki wa mwenye nayo, ni ya GTA. Hela yake itarudi kwa kuhariri harusi ya Jumamosi. Yote matatu ni kweli, na ndiyo maana ukikosea kuchagua unaumia mara tatu.

Tuanze na ile 4050 yenyewe. NVIDIA, wanaoitengeneza, wanawauzia HP, Lenovo, ASUS, Acer, MSI na wengine kadi yenye jina moja, kisha wanaiacha kila kampuni iamue itailisha umeme kiasi gani. Kwa RTX 4050 ya mpakato ruhusa hiyo inaanzia wati 35 na kuishia wati 115. Soma tena: 35 mpaka 115, jina lile lile, stika ile ile. Mashine nyembamba, nyepesi, ya kuvutia kuibeba, mara nyingi ndiyo inayopewa wati chache, kwa sababu ndani haina nafasi ya feni kubwa wala bomba nene la kutoa joto. Ile nene inayoonekana ya kizamani ndiyo inayokula vizuri. Matokeo yake ni kwamba hata RTX 4060 iliyonyimwa umeme inaweza kupitwa na 4050 iliyoshiba.

Lakini usije ukaingia mtego wa pili wa kudhani wati zikizidi ndivyo mashine inavyozidi. Kutoka wati 45 kwenda 90, tofauti utaiona kwa macho. Kutoka 100 kwenda juu, kwa kadi za ukubwa huu, unaongeza joto na kelele za feni kuliko unavyoongeza kasi. Anayekuuzia "wati 140" kama sababu ya kuongeza laki mbili anakuuzia moto.

Wati hizo unaziona hapo hapo dukani, bila fundi. Mwombe muuzaji awashe mashine, bofya kitufe cha kulia cha puku mahali patupu kwenye kioo, fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information. Katika orodha ile kuna mstari wa Maximum Graphics Power. Namba iliyopo hapo ndiyo kadi unayoinunua. Kisha geuza chaja usome maandishi madogo: zidisha volti kwa ampea. Chaja ya volti 19.5 na ampea 7.7 ni ya wati 150. Ya volti 20 na ampea 11.5 ni ya wati 230. Mashine ya mtumba iliyokuja na chaja ndogo kuliko ya kwake itawaka, itachaji, itakupendeza dukani, halafu ukifungua gemu inaanza kuinyonya betri huku imechomekwa ukutani.

Majina nayo yana vituko vyake. HP Victus 15 si mashine, ni ukoo. Ndani ya jina hilo kumewahi kuuzwa GTX 1650, RTX 2050, RTX 3050, RTX 4050, na hata kadi za AMD. Anayetangaza "Victus 15 ipo" bila kusema kingine hajakwambia chochote. Lenovo LOQ, iliyoanza 2023 kuchukua nafasi ya IdeaPad Gaming, inakudai usome mpaka herufi ya mwisho: LOQ 15IAX9 inakuja na kadi ya NVIDIA, LOQ 15IAX9I inakuja na Arc ya Intel. Herufi moja tu, I, pale mwisho kwenye lebo ya chini ya mashine, karibu na matundu ya feni ambako hakuna anayeangalia. Arc si takataka, lakini ukiwa mhariri unayetegemea programu zinazopenda CUDA, teknolojia ya kadi za NVIDIA, umenunua ndoo ya maji bila mpini. Lenovo wana ukurasa wao wa PSREF ambako ukiandika modeli nzima unapata kila kitu kilichomo. Andika ukiwa bado umesimama kwenye kaunta. Bando la dakika tano ni rahisi kuliko majuto.

Prosesa za AMD za mfululizo wa 7000 ndizo zinazowapiga watu chenga zaidi. Ryzen 7 7735HS na Ryzen 7 7840HS zote ni "Ryzen 7 ya elfu saba", na muuzaji atazitaja hivyo hivyo. Itazame tarakimu ya tatu. Kwenye 7840 ni 4, yaani usanifu wa Zen 4. Kwenye 7735 ni 3, yaani injini ya kizazi cha nyuma iliyovalishwa namba mpya. Haina maana kwamba ni mbaya. Kwa gemu nyingi inatosha sana. Ila isikutoe hela ya ile nyingine.

Hapa kwenye kioo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo kampuni zinapobania na wanunuzi wanaposahau. Kila mtu siku hizi anauliza hezi. "Ina 144?" Ndiyo, ina 144, karibu zote zina 144. Asichouliza ni rangi na mwanga. Kioo cha bei ya chini kwenye mashine hizi hubeba maandishi ya "45% NTSC, 250 nits". Maana yake ni rangi zilizofifia na mwanga mdogo. Ukikaa barazani mchana wa Dar unajiona sura yako badala ya gemu. Kioo kizuri kinaandikwa "100% sRGB" na niti 300 au zaidi. Kwa mcheza mpira wa FC hilo ni suala la starehe. Kwa mhariri wa harusi ni suala la kazi: unasahihisha gauni la bibi harusi mpaka linakaa jeupe kwenye kioo chako, unampelekea mteja, kwenye simu yake nzuri gauni lina ubuluu na mama mkwe ana uso mwekundu. Kama ile laki nne ya tofauti imekwenda kwenye kioo, lipa bila kinyongo.

RAM hufichwa vilevile. "16" inaweza kuwa kipande kimoja cha 16 au viwili vya 8, na viwili hufanya kazi kwa pamoja, gemu inakwenda laini zaidi. Fungua Task Manager, upande wa Performance, bofya Memory, tazama palipoandikwa Slots used. Ikiwa 1 kati ya 2, si kasoro ya kuikimbia mashine. Ni hoja ya kupunguziwa bei.

Halafu kuna joto letu. Wazungu wanaozipima mashine hizi mtandaoni hukaa kwenye vyumba vya baridi. Chumba cha kupanga Chang'ombe, kati ya Januari na Machi, dirisha moja na feni ya juu, kinaweza kupita nyuzi 30 hata usiku, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka pia ndani ya mashine. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kati ya mbili zinazofanana, mwenye Dar achague ile yenye matundu mapana ya hewa hata kama ni nzito. Usiitumie kitandani juu ya shuka. Na baada ya mwaka, kwa vumbi letu, mpelekee fundi aipulize feni na kubadili pesti ya kupoza prosesa.

Umeme ukikatika usitegemee betri iendeleze mechi. Kadi hushushwa nguvu ikiwa kwenye betri, na mchezo unaanza kukwama. Kwa mtumba andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa leo. Hakikisha pia prosesa ya Intel ni ya kizazi cha nane kwenda juu, kwa kuwa Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali rasmi za nyuma ya hapo. Na mtumba ukija na kibodi ya Kijerumani, yenye Z mahali pa Y, ni uamuzi wako.

Jambo moja ambalo maduka hayatakwambia: pengine huihitaji 4050. FC 24 ilipendekezwa ichezwe na GTX 1660, kadi ya 2019. GTA V ni gemu iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015. Na anayekuongezea bei akidai mashine yake "itabeba GTA VI", mwambie hiyo imetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series tu.

Kwa mbili za kwenye kaunta yetu, mimi ningechukua ile nene yenye wati 90 na zaidi na kioo cha 100% sRGB, hata kama ndiyo ya laki nne zaidi. Ikiwa tofauti hiyo imekwenda kwenye wembamba na taa za kibodi, ningebeba ya chini na kununua kipande cha pili cha RAM. Vyovyote utakavyoamua, dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli nzima na namba ya mashine. Risiti ya "laptop 1" haitakusaidia siku utakayorudi na malalamiko.