Ndege Nyuki Iongozwayo kwa Miwani: Yafaa Kuzingatiwa Kabla ya Kulipia Huduma

Mkulima wa tumbaku au mpunga wilayani Kaliua anaweza leo kuahidiwa huduma ya kupimiwa au kukaguliwa shamba kwa ndege nyuki, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake. Baadhi ya ndege hizo huongozwa na mtu aliyevaa miwani maalumu. Ni vyema mtumiaji aelewe kwanza miwani hiyo inaweza nini na haiwezi nini.

Kamera ya ndege hupeleka picha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye miwani. Juu ya picha hiyo, programu huongeza alama: kimo, umbali, chaji iliyobaki na njia ya kurudi. Mchanganyiko huo wa mandhari halisi na alama za kompyuta ndio uitwao uhalisia mseto. Faida yake ni kwamba mrushaji hupata taarifa zote pasipo kuinamia skrini.

Hata hivyo, picha huchelewa kidogo kufika. Ndege iendayo mita 10 kwa sekunde, picha ikichelewa robo sekunde, huwa imekwisha kusonga mita 2.5 mbele ya pale inapoonekana. Penye miyombo mirefu au nyaya za umeme, umbali huo watosha kuleta ajali. Miti nayo huzuia mawimbi, na miwani iliyofunika macho humnyima mvaaji kuona watoto au mifugo iliyo karibu naye. Kwa hiyo, pawepo msaidizi anayeitazama ndege kwa macho yake muda wote.

Mtumiaji anashauriwa:

1. Aombe kuona kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kumiliki ndege nyuki si ruhusa ya kuirusha.

2. Apate mkataba wa maandishi unaotaja eneo, bei, kazi itakayokabidhiwa na atakayefidia hasara.

3. Akubaliane na mtoa huduma kuhusu atakayehifadhi picha za shamba na makazi. Taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

4. Adai risiti na kuitunza.

Aliyeuziwa huduma kwa maelezo ya uongo anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Aambatishe mkataba na risiti, kwani pasipo nyaraka hizo dai la haki huwa gumu kuthibitishwa.