MAJENGO YA KALE: TUNAKWENDA KUTAZAMA NINI?



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila likizo inapokaribia madrasa yetu huandaa safari ya kielimu, na kila mara baadhi ya wazazi hutuuliza: "Kwani huko mnakwenda kutazama nini? Magofu? Si mawe tu hayo?" Swali hili ni la haki. Nauli ni pesa, na mzazi anayelima mboga Mgeta au anayeuza ndizi sokoni anastahiki kujua mwanawe atarudi na nini.

Katika makala haya tutajaribu kujibu swali hilo kwa kuwapitisha katika majengo machache ya kale, kuanzia hapa kwetu Morogoro hadi pwani na visiwani. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba tunakwenda kujifunza kwa nini jengo moja linasimama miaka mia tisa na jingine linatoweka katika umri wa mtu mmoja. Anayelijua hilo atajua pia namna ya kuutunza msikiti wake na nyumba ya wazazi wake.

1. TUANZE NYUMBANI

Wengi hudhani kuwa Morogoro ilianza na Wajerumani na reli yao. Sivyo. Katika karne ya 19 palikuwa na mji ulioitwa Simbamwene, karibu na Mto Ngerengere, chini ya safu ya Uluguru. Aliyeuanzisha ni Kisabengo, na baada yake ulitawaliwa na binti yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapo.

Msafiri Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871, naye ameuandika mji huo kuwa wa pembe nne, wenye ukuta, minara ya mawe katika kila pembe, na milango minne iliyoelekea pande nne za dunia. Milango yenyewe ilikuwa ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu, hata akahisi kuwa ilitengenezwa pwani au Unguja na kuletwa huku ubao mmoja mmoja. Hebu fikirieni mbao hizo zikibebwa kichwani kutoka baharini hadi chini ya milima yetu! Mwaka uliofuata, 1872, mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika na kuuchukua upande mmoja wa ukuta.

Leo mgeni akitaka kuonyeshwa ukuta huo hatuna cha kumwonyesha. Tulichobakiwa nacho ni maneno ya mpita njia aliyekaa siku chache tu. Huu ni msiba mdogo ambao hatuuhisi kwa sababu hatukuwahi kukiona kilichopotea.

Yapo mengine yaliyosalia. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Ukipanda barabara ya mlimani utafika Morningside, penye jengo la mawe la wakati wa Wajerumani, na ukiwa hapo mji wote unauona chini yako. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaweza kuangalia stesheni ya zamani na mpya akalinganisha mafundi wa zama mbili walivyojenga kwa kazi ile ile.

Tusisahau pia Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha mafunzo cha shirika la umeme. Majengo yale yalipata kazi mpya, na kwa kuwa yana watu wanaoyafagia, wanaoziba bati linalovuja na kuyapaka rangi, yanaendelea kuishi.

2. NYUMBA ZA MILIMANI

Kabla hatujashuka pwani, tuzitazame nyumba za wazee wetu wa Uluguru. Nyumba ya asili ilikuwa ya msonge: duara, kuta za miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi. Watu waliijenga hivyo kwa akili. Upande wa mashariki wa milima hii hupata mvua nyingi sana, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na adui mkubwa wa ukuta wa udongo ni maji. Upenu mrefu huyatupa maji mbali na ukuta, na paa lenye mteremko mkali halituamishi maji. Kiwanja nacho huchongwa kwenye mteremko kikawa bapa, ili nyumba isimame sawa.

Nyumba ya udongo hutaka kukandikwa tena na tena, na wengi huiona kuwa hiyo ni kasoro yake. Lakini huko Djenné, nchini Mali, upo msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907. Kila mwaka watu wa mji hukusanyika, wakubwa kwa wadogo, wakaukandika upya kwa siku maalumu. Msikiti huo unasimama kwa mikono ya watu wake, na watoto huifahamu kazi hiyo wangali wadogo.

3. KAOLE NA BAGAMOYO

Sasa tufuate njia ya misafara kinyumenyume hadi pwani. Kaole ni kama kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo. Hapo kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Msikiti wa kwanza husemwa kuwa wa karne ya 13. Ukisimama ndani, mihrabu inakuelekeza kibla vile vile ilivyowaelekeza waliosali hapo mamia ya miaka kabla yetu.

Mwanafunzi atazame mambo mawili hapa. La kwanza ni jiwe. Watu wa pwani walijenga kwa matumbawe. Yale magumu ya nchi kavu waliyatia katika kuta. Yale ya baharini, ambayo huwa laini yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka, waliyachonga mihrabu na mapambo. Chokaa waliipata kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la kuni, kisha wakaimwagia maji na kuiacha muda mrefu kabla ya kuitumia.

La pili ni upana wa vyumba. Kwa nini nyumba nyingi za kale za pwani zina vyumba virefu lakini vyembamba? Ni kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ina urefu wa karibu mita 3 tu. Fundi hakuweza kukipanua chumba kupita mti wake.

4. KILWA KISIWANI: WALIVYOISHINDA BORITI

Kutoka Kilwa Masoko, ambako kibali cha kuzuru hutolewa, unavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Sehemu ya zamani ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11 au 12. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliuongeza kwa upande wa kusini ukawa mkubwa mno. Huyu ndiye sultani aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, naye Ibn Battuta akamsifu kwa ukarimu na uchamungu.

Je, fundi alipanuaje msikiti wakati boriti ni fupi? Aliacha dari la boriti na kuezeka kwa kuba na matao ya mawe, kila kuba likikaa juu ya nguzo zake. Kwa njia hiyo nafasi ya kusalia iliweza kuongezwa safu kwa safu. Lakini kazi haikwenda bila makosa. Jengo liliporomoka, na katika karne ya 15 likajengwa upya kwa nguzo imara zaidi. Somo lililopo hapa ni kwamba waliotutangulia nao walikosea, wakajisahihisha, wakaendelea.

Si mbali na hapo, juu ya jabali linaloangalia bahari, ipo Husuni Kubwa, kasri la sultani huyo huyo, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Halikuishi muda mrefu. Kasri lilimtegemea mfalme mmoja na utajiri wake, na vilipoondoka hivyo viwili likaachwa.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 viliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka na mawimbi yakila ufukwe. Baada ya kazi ya ukarabati, vilitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kwa hiyo magofu yanaweza kuokolewa, watu wakiamua.

5. UNGUJA: MSIKITI MDOGO NA JUMBA KUBWA

Tumalizie kisiwani Unguja kwa majengo mawili.

La kwanza ni msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kwa nje msafiri anaweza kuupita bila kugeuka, maana una paa la bati na kuta za kawaida. Lakini ukutani kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na waliojenga waliyaacha maandishi yale mahali pake. Mpaka leo watu husali humo.

La pili ni Beit al-Ajaib mjini Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lenye roshani pana na nguzo za chuma. Lilikuwa fahari ya Mji Mkongwe, ambao umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lakini miaka mingi ya unyevu na uchakavu ililichosha. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakafariki.

Yaweke majengo haya mawili pamoja, ndugu msomaji. Jumba la miaka 137 liliporomoka, na maandishi ya miaka mia tisa yapo. Msikiti mdogo una watu wanaoingia mara tano kwa siku, na ufa ukitokea leo, kesho unaonekana. Kwa jumba kubwa la namna ile, matengenezo yakichelewa, ufa hukua bila mtu kujua.

6. HATARI YA KUTUNZA VIBAYA

Lipo jambo ambalo watu wema hukosea. Ukuta wa kale wa mawe na chokaa, au wa udongo, hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mfadhili akija na saruji akaupiga lipu ngumu, unyevu unafungiwa ndani. Kwa nje ukuta unang'aa, kwa ndani unaoza, na baada ya miaka michache lipu hubanduka na kipande cha ukuta. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa, na wa udongo kwa udongo.

Kosa jingine ni kuvunja bila kuweka kumbukumbu. Katika kijiji kimoja cha milimani, ambacho hatutakitaja, palikuwa na msikiti wa udongo wa zamani. Waumini walijenga mpya wa matofali ya kuchoma, jambo la kheri kabisa, kwani watu walikuwa wameongezeka. Lakini ule wa zamani ulivunjwa asubuhi moja bila kupigwa hata picha. Wanafunzi wetu walipokwenda kuuliza ulijengwa lini na nani, walipata majibu matatu tofauti. Mzee aliyekuwa akijua alikuwa ameshafariki, Allah amrehemu. Yaliyoupata Simbamwene yamejirudia, safari hii mbele ya macho yetu.

7. MAMBO YA KUFANYA

Mwanafunzi anayekwenda safari, au anayebaki nyumbani, afanye haya:

(a) Atazame jengo kwa maswali: Limejengwa kwa nini? Maji ya mvua yanakwenda wapi? Kibla kiko wapi? Dari limebebwa na nini?

(b) Apime kwa hatua zake na kuchora ramani ndogo katika daftari.

(c) Achunge adabu. Asipande juu ya kuta wala makaburi, asiandike jina lake ukutani, asichukue hata kigae. Makaburini awatolee salamu waliolala humo na kuwaombea dua. Haja zake amwombe Allah peke yake.

(d) Awaulize wazee wa msikiti wa mtaani kwake: Ulijengwa mwaka gani? Nani alitoa kiwanja? Fundi alikuwa nani? Aandike majibu na kuyaleta madrasa.

HITIMISHO

Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kuzingatia yaliyowapata waliotutangulia. Kwa hiyo mzazi anayetuuliza kama ni mawe tu, tunamjibu: ndiyo, ni mawe, na mawe hayo yanatuonyesha nani alitunza na nani alipuuza. Safari inaweza kuanzia msikiti wa jirani, bila nauli yoyote, kabla mzee anayejua habari zake hajatutoka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotujengea, na atujaalie kuwa wenye kutunza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.