Mmea Wetu, Jina la Kukopa

Aghalabu bustani za shule zetu hupambwa kwa maua yanayodai maji kila jioni, hata katika sehemu ambako wanafunzi wenyewe huchota maji mbali. Huo ni ubadhirifu usio na sababu. Upo mmea mfupi wenye maua ya kupendeza ambao ukame hauutishi: adeniamu, ambao wauzaji wa miche, kwa kufuata Kiingereza, huuita waridi la jangwani.

Jina hilo linapotosha. Mmea huu si jamaa ya mwaridi hata kidogo. Wala si mgeni kwetu. Humea wenyewe katika nyika za Tsavo na Baringo, na makao yake huanzia Senegali hadi Arabuni. Jina la kitaalamu, Adenium obesum, limetokana na Aden, mji wa Yemen, pamoja na neno la Kilatini lenye maana ya nono. Maelezo ya Peter Forsskål kuuhusu yalichapishwa mwaka 1775, miaka 12 baada ya yeye kufia Yemen.

Unono huo ndio siri yake. Shina huweka akiba ya maji, majani hupukutika wakati wa kiangazi, na maua huweza kuchanua matawi yakiwa matupu.

Huoteshwa kwa mbegu au kwa kitawi kilichoachwa siku kadhaa jeraha likauke. Uupe jua la kutwa na udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Mwagilia udongo ukishakauka tu, kwani kinachouua upesi ni maji mengi, ambayo huozesha mizizi. Hata hivyo tahadhari: utomvu wake ni sumu kali. Usipandwe wanapochezea watoto wadogo wala wanapolisha mbuzi, na anayeukata anawe mikono. Tena using'olewe porini. Tukifanya hivyo tutaipamba shule kwa kuipora nyika.

Wawindaji wa kale waliopaka utomvu huu kwenye mishale hawakuuita waridi. Walikuwa na majina yao, na majina hayo yamo vinywani mwa wazee wetu. Basi walimu, wanafunzi wakiisha kupanda, watumeni kwa babu na bibi zao wakaulize mmea huu huitwaje katika lugha ya nyumbani, kisha jina hilo liandikwe kibaoni chini ya shina. Lugha haifi kwa siku moja. Hufa jina baada ya jina, na mwacha asili ni mtumwa.