Kilombero: Faida ya mto huamuliwa nchi kavu

Masika yakishika kasi katika Bonde la Kilombero, mitumbwi hufungwa kwenye miti ya ukingoni na wenyewe hurudi nyumbani. Maji yametapakaa mbugani, samaki wametawanyika humo kuzaliana, na wavu uliojaa mwezi Septemba sasa hurudi na magugu. Ifakara na vijiji vya ng'ambo ya mto vimezoea kuihesabu miezi hiyo, Machi hadi Mei, kuwa msimu wa biashara kulala. Lakini ukifuatilia shilingi inavyotembea, utaona kwamba ni katika siku hizo za kukaa nchi kavu ndipo huamuliwa nani atakula faida ya msimu unaofuata.

Mali inayozungumzwa hapa ni kubwa. Ardhioevu ya Kilombero iliingizwa katika orodha ya Ramsar Aprili 2002, ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 7,967. Mito inayoshuka kutoka Udzungwa na Mahenge hukutana humo, kisha Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji. Takriban asilimia 62 ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili, na maji hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Wandamba wamejenga humo sifa yao ya uvuvi na kupiga kafi. Mchele wa bonde nao umevusha jina lake mpaka: wakulima wa Karonga, Malawi, hulima mchele wa kunukia uitwao Kilombero.

Pesa ya kungoja

Hadi 2018, biashara iliyoonekana wazi zaidi mtoni ilikuwa ya kuvusha. Lori la Mahenge likikuta kivuko kiko ng'ambo, dereva alingoja. Mto ukifurika na huduma kusimama, alilala hapo hapo. Kungoja huko kulilisha watu wengi: mama lishe wa wali na samaki wa kukaanga, wachuuzi wa ndizi na miwa, vijana wa kubeba mizigo, na wenye mitumbwi waliovusha abiria wenye haraka. Ilikuwa riziki yenye hatari. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama katika upepo mkali na mvua. Mei 2018 Rais John Magufuli akafungua daraja la mita 384 linalobeba jina lake.

Hilo ni jambo la kushukuru bila masharti. Mjamzito wa Ulanga sasa anaweza kufikishwa Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, hata usiku wa manane. Mpunga wa Malinyi na madini ya Mahenge, spineli na kinywe, yanapita juu ya mto bila kuulizia ratiba. Na barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yapata kilomita 67, ambayo zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, leo ni lami.

Daraja lilihamisha pesa ya kungoja. Biashara ya chakula hufuata gari linaposimama, na sasa linasimama stendi ya Ifakara au Lupiro, njia panda ya Mahenge na Malinyi. Mama lishe aliweza kubeba sufuria zake akahama. Mwenye mtumbwi hakuwa na pa kuupeleka. Kilichobaki kwake ni uvuvi na shamba la mpunga, na vyote viwili vinategemea kupanda na kushuka kwa maji yale yale.

Deni la masika

Kwa mvuvi asiye na akiba, masika ni msimu wa kukopa. Nyuzi, nyavu, unga na sare za shule hutoka kwa tajiri, na mara nyingi deni hulipwa kwa samaki, kwa bei anayoitaja tajiri mwenyewe. Maji yakianza kupungua Juni, samaki hubanwa katika mikondo na madimbwi. Kambale, perege na kitoga hupatikana kwa wingi, na bei huteremka kwa kila mtu. Mwenye deni huteremka mara mbili, kwanza kwa bei ya soko, kisha kwa bei ya aliyemkopesha.

Mkulima naye yuko njia hiyo hiyo. Yumo dunguni anafukuza ndege, na mpunga ulio mbele yake tayari una mwenyewe mjini, kwa kuwa aliuuza ungali shambani ili apate fedha ya palizi. Gunia likija kushonwa kwa lumbesa, hana nguvu ya kubisha.

Anayeweza kubisha ni mwenye bidhaa inayokaa. Kwa samaki, nguvu hiyo hutoka kwenye chanja. Kambale hupasuliwa, hutolewa matumbo, huoshwa, kisha hukunjwa mkia ukutane na kichwa na kuchomekwa kijiti ili abaki duara. Hupangwa juu ya fito zilizoinuliwa, na chini yake moto huwa wa moshi zaidi kuliko ndimi. Mama anayesimamia huwageuza mmoja mmoja. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, huunyunyizia maji kidogo ulegee. Akiharakisha, ngozi itaungua na nyama ya ndani itabaki na maji. Samaki huyo ataota ukungu kabla tenga halijafika Morogoro. Akipatia, samaki hukaa wiki kadhaa, na mwenyewe anaweza kumwambia mnunuzi wa bei ya chini aende zake. Katika biashara ya mazao, huo ni mtaji kamili.

Chanja ina gharama yake, kwani hula kuni nyingi katika bonde ambalo miti inazidi kupungua. Ghana ilikutana na tatizo hilo miongo mingi iliyopita, likazaliwa tanuri la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi cha Accra. Ni kuta za udongo au matofali na trei zinazopangwa moja juu ya nyingine. Moshi hubaki ndani na kuni hupungua. Fundi wa matofali wa Ifakara hashindwi kulijenga.

Funzo la pwani

Miji ya Waswahili ilijengwa na watu waliolazimika kukaa nchi kavu. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalingoja kusi ndipo yarudi. Katika miezi hiyo, Zanzibar na Lamu ziliuza kazi ya kutia kalafati, kushona matanga, kutunza shehena ghalani na kukopesha. Chombo kilikuwa kimefungwa, mji ukawa kazini.

Ifakara ina mengi ya kuanzia: reli ya TAZARA, lami, daraja, na kituo cha utafiti wa kilimo, TARI, chenye wataalamu wa mpunga. Kinachopungua ni maghala ya kumwezesha mkulima kusubiri bei, ingawa Sheria ya Stakabadhi za Maghala ipo tangu 2005. Kinachopungua zaidi ni fedha inayofika kwa wakati. Fedha hiyo iende kwenye matanuri, maghala na nyavu halali. Ikinunua makokoro, itamaliza vifaranga vya samaki ambao mwakani wangelipa deni.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo ukitoka Septemba, humkuta mvuvi akiwa ameshafungwa na deni la masika. Ukitoka Februari, kabla maji hayajapanda, humkuta akiwa bado huru kuchagua mnunuzi. Halmashauri za Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi zinaweza kufanya badiliko hilo bila kuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti. Kinachotakiwa ni kupanga kalenda ya mikopo kwa kufuata kalenda ya mto.