Aliwasha moto wa hip hop, wakaota wengine

Mwulize kijana wako anayeshinda na spika masikioni ni nani aliyeanzisha hip hop. Huenda akakutajia majina kumi bila kupumua, yote ya matajiri wenye magari ya kifahari na majumba yanayotazamana na bahari. Kuna uwezekano mkubwa kwamba Clive Campbell hatakuwemo. Nawe mzazi, ikiwa muziki huo kwako ni makelele tu, usigeuze ukurasa. Kisa hiki kilianzia katika familia ya kawaida iliyokuwa ikiwaza, kama yako, kuhusu mavazi ya watoto shule zikifunguliwa.

Campbell, almaarufu DJ Kool Herc, alizaliwa Aprili 16, 1955, jijini Kingston, Jamaica, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto sita. Ikiwa una jamaa aliyekwenda ng'ambo kusomea uuguzi akaacha watoto nyumbani, basi maisha yao unayaelewa. Mama yake, Nettie, alitangulia New York kufanya kazi na kusoma. Clive naye alitua huko Novemba 1967, katikati ya baridi kali, akiwa na umri wa miaka 12.

Kutoka Jamaica alibeba kumbukumbu moja iliyokuja kumfaa. Kule Kingston, wenye muziki walikuwa wakipanga uwanjani spika kubwa kama makabati, halafu mtu akishika maikrofoni na kupaaza sauti juu ya santuri ili kuwachangamsha wachezaji. Clive alikuwa mdogo mno kuruhusiwa kuingia, lakini sauti haizuiwi na ua.

Mtaa wa Bronx aliofikia ulikuwa na majeraha. Barabara kuu ya Cross Bronx ilikuwa imepasuliwa katikati ya makazi ya watu na maelfu ya familia zikafurushwa. Wenye uwezo walihama. Katika miaka ya 1970 majengo yaliteketea mtaa baada ya mtaa, mengine yakichomwa na wenyewe ili walipwe bima. Magenge ya vijana yakagawana barabara. Shuleni Clive alichekwa kwa lafudhi yake ya Kijamaika, naye akaipunguza kwa kuimba pamoja na santuri za wazazi wake. Kwa kuwa alikuwa pande la mtu, wenzake katika mpira wa vikapu walimbandika jina la Hercules, shujaa wa hadithi za kale. Akalikata, likabaki Herc.

Baba yake, Keith, alikuwa fundi wa mitambo ya sauti wa bendi moja ya mtaani. Alinunua spika za bei, lakini hakujua namna ya kuzifanya zitoe sauti kwa nguvu zake zote. Kijana alichezea nyaya kimyakimya baba akiwa hayupo, hadi siku moja nyumba ikatikisika. Badala ya kiboko, mzee aliafikiana naye: Clive apige santuri bendi ikipumzika, na kwa malipo aruhusiwe kuazima mitambo kwa shughuli zake. Sijui ni wazee wangapi wangekuwa na moyo huo.

Sasa tumfikie Cindy, dadake mdogo, ambaye wasimulizi wengi humpitia haraka. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Cindy alitaka nguo ambazo wasichana wenzake hawangekuwa nazo. Akapiga hesabu. Akakodi ukumbi wa burudani wa jengo walimoishi, nambari 1520 Sedgwick Avenue, kwa dola 25. Akaandika kadi za mwaliko kwa mkono. Kiingilio: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Soda na soseji ziliuzwa, na nduguye mwenye umri wa miaka 18 akawa ndiye mpiga muziki. Hiyo ilikuwa Agosti 11, 1973, siku ambayo dunia nzima sasa huihesabu kuwa kuzaliwa kwa hip hop.

Herc alijaribu kwanza nyimbo za kwao Jamaica. Vijana wa Bronx hawakuchangamka. Akabadilisha, akawapa James Brown na wenzake, na sakafu ikajaa.

Lakini kupiga santuri za watu kuna ajabu gani? Jibu ni kwamba Herc alikuwa akiwatazama wachezaji kuliko alivyotazama santuri zake. Aligundua kwamba wale wajuzi hawakuusubiri wimbo wote. Walisubiri pale mwimbaji anaponyamaza, gitaa zinatulia, na ngoma inabaki peke yake kwa sekunde chache. Hapo ndipo waliporuka katikati na kuonyesha ufundi wao, na kabla hawajamaliza, mwimbaji amerudi.

Akajiuliza: kwa nini ngoma hiyo isiendelee? Akanunua nakala mbili za santuri moja na kuziweka kwenye gramafoni mbili. Ngoma ya kwanza ilipokaribia kwisha, aliihamishia sauti ile ya pili, iliyokuwa imetegwa mwanzo wa ngoma hiyohiyo. Ya pili ikiendelea, airudishe nyuma ya kwanza. Sekunde chache zikawa dakika tano, dakika kumi. Mbinu hiyo aliipa jina la bembea ya kuzunguka. Wachezaji waliofuata ngoma hiyo akawaita b-boy na b-girl, na rafiki yake Coke La Rock akashika maikrofoni kuwataja marafiki kwa majina na kutupa maneno ya vina. Muziki wa kufokafoka ulitokana na hapo.

Tuseme ukweli, Herc hakuwa fundi wa kuunganisha. Mara nyingi ngoma mbili ziligongana kidogo. Aliyekuja kuinyoosha kazi hiyo ni kijana mwingine wa Bronx, Grandmaster Flash, aliyechora alama kwenye santuri ili ajue hasa ngoma inaanzia wapi. Herc alishinda kwa ukubwa wa spika zake na kwa uchaguzi wa nyimbo. Alikuwa hata akizilowesha santuri majini ili karatasi za majina zibanduke, wapelelezi wa wapinzani wasijue anapiga nini.

Ukumbi ulipokuwa mdogo, alihamia bustanini, umeme ukivutwa kutoka nguzo za taa za barabarani. Baadaye akaingia vilabuni. Kisha mnamo 1977, akijaribu kutuliza ugomvi mlangoni katika tafrija yake mwenyewe, alidungwa kisu. Alipona, lakini alijitenga, na moyo wa awali haukurudi.

Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Mwaka wa 1979, kundi la Sugarhill Gang lilitoa Rapper's Delight, likavuma duniani. Kundi hilo halikutoka katika tafrija za Bronx. Lilikusanywa New Jersey na mwenye kampuni ya kurekodi, Sylvia Robinson, aliyeona biashara pale ambapo wenye mchezo waliona usiku wa raha. Herc katika miaka yake ya kuvuma hakuwa amerekodi hata santuri moja.

Unaweza kusema alizubaa. Lakini angeuza nini? Sheria ya hakimiliki humlinda aliyetunga wimbo na aliyeurekodi. Herc hakutunga wimbo. Alivumbua namna ya kuupiga wimbo wa mwingine, na jambo hilo halina cheti. Ajabu ni kwamba waliozipiga ngoma hizo awali nao waliachwa vivyo hivyo. Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown katika Funky Drummer, ngoma ambayo imenakiliwa katika nyimbo za hip hop zisizohesabika, hakutambuliwa kuwa mtunzi wa wimbo huo hadi kifo chake mwaka wa 2017.

Baba yake alipofariki katika miaka ya 1980, Herc alizama katika dawa za kulevya, jambo ambalo yeye mwenyewe amelisimulia hadharani. Alijinasua. Lakini Januari 2011 habari zilienea kwamba mwasisi wa muziki uliozalisha mabilionea ni mgonjwa, ana mawe katika figo, na hana bima ya kulipia upasuaji. Mashabiki walichanga. Wapo walioona aibu, na kwa maoni yangu walipaswa kuiona.

Hata hivyo, hakuwa amekaa kulalamika. Mnamo 2007, wapangaji wa 1520 Sedgwick walipohofia kwamba jengo lao lingeuzwa na kodi kupanda, Herc na Cindy walisimama nao. Mwaka huohuo, jimbo la New York lililitambua jengo hilo kuwa mahali hip hop ilipozaliwa. Mnamo 2016, kipande cha barabara hiyo kikapewa jina la Hip Hop Boulevard. Mnamo 2022, mitambo yake ya zamani ilipigwa mnada na kampuni ya Christie's.

Novemba 2023, miaka 50 baada ya tafrija ya Cindy, jumba la kuwaenzi magwiji wa muziki la Rock and Roll Hall of Fame lilimwingiza katika orodha yake, huku LL Cool J akimkaribisha jukwaani mjini Brooklyn. Tuzo aliyopewa haikuwa ya wimbo wala ya albamu. Ilitoka katika kitengo cha wale waliowaonyesha wengine njia.